Kliniki ya Kumi na Saba

Kebo alikuwa na jina jingine, lakini liliishi kwenye kitambulisho chake na halikutoka humo. Katika chumba cha kompyuta cha hospitali kuu hata mkuu wa kitengo alimwita Kebo, ingawa kazi yake haikuhusu kebo hata moja. Aliunganisha kwa maneno. Kila kliniki ya pembezoni ilikuwa na hifadhidata yake, yaani daftari la wagonjwa lililomo ndani ya kompyuta, na hospitali kuu ilitaka kuyasoma madaftari yote bila kuinuka kitini. Basi Kebo alituma kwenye seva, yaani kompyuta kuu ya hospitali, kwa njia ya mtandao, ombi la mistari sita: jina la kliniki, anwani ya kompyuta yao, namba ya mlango, jina la hifadhidata, jina la mtumiaji, nywila. Seva ilikwenda kubisha hodi huko. Ikifunguliwa, ilijibu kwamba muunganisho umefaulu. Kebo aliweka alama ya vema, akaendelea na kliniki nyingine. Alifanya hivyo kwa miaka sita, hata wafanyakazi wenzake wakakijua kisogo chake zaidi kuliko uso.

Hospitali ilikuwa na mashine nne za kusafisha damu ya watu ambao figo zao zimekufa. Zamani foleni ya mashine hizo ilipangwa na muuguzi mkuu kwa kalamu, na watu walinung'unika kwamba kalamu ile ina ndugu wengi. Sasa ingepangwa na kompyuta, ambayo haina shangazi. Kila alfajiri seva ingesoma majina kutoka kliniki zote, impange aliyezidiwa mbele, nafasi ikipatikana itume ujumbe kwenye simu ya ndugu yake. Mafundi walikatazwa kabisa kutazama majina.

Dada yake Kebo, aliyemlea tangu mama yao afariki, alikuwa mgonjwa wa kliniki ya kumi na saba. Miguu ilikuwa imevimba hadi akavaa ndala za mumewe. Kebo alipokwenda kumjulia hali, alimkuta ameketi kitandani, mito mitatu mgongoni.

"Wewe si ndiye unayeiunganisha hiyo foleni?"

"Naiunganisha, dada. Siipangi."

"Bawabu hapangi harusi, lakini anajua nani kaingia."

"Nikichungulia majina nitafukuzwa kazi."

"Nani kakwambia unisogeze mbele? Nakuuliza kama nimo."

"Umo," alisema Kebo.

Hakuwa amechungulia. Alikuwa na sababu nzuri zaidi: kliniki ya kumi na saba aliiunganisha mwenyewe, na seva ilijibu kwamba imefaulu.

Hapa inabidi kueleza desturi ya chumba kile. Hakuna fundi aliyeandika ombi upya tangu mwanzo. Kulikuwa na ombi moja la zamani, lililoachwa na fundi aliyestaafu, wakaliita Bibi. Ukitaka kuunganisha kliniki, unamnakili Bibi, unabadilisha yanayobadilika, unatuma. "Bibi hakosei," walisema, na kweli Bibi hakuwahi kukosea, kwa kuwa Bibi aliandikwa kwa ajili ya mazoezi. Anwani iliyokuwamo ilikuwa ya kompyuta ya majaribio, iliyokaa pembeni ya chumba hichohicho, imejaa wagonjwa wa kubuni ili wanafunzi waharibu bila kumuumiza mtu. Kompyuta ile ilipokea jina lolote na nywila yoyote. Ndiyo iliyokuwa kazi yake.

Siku ya kliniki ya kumi na saba Kebo alibadilisha jina, akaruka anwani ili aithibitishe kwanza, akabadilisha yaliyobaki. Ndipo mkuu wa kitengo akamwita aje amwondolee karatasi iliyokwama kwenye printa. Aliporudi, alituma. Seva ilijibu papo hapo, upesi kuliko kliniki yoyote. Kebo alifurahishwa na kasi ile, akamsifia jirani yake.

Zilipita wiki saba. Dada alianza kulala ameketi. Shemeji alipiga simu kila Jumatatu kuuliza, na kila Jumatatu Kebo alimjibu kwamba foleni inasogea. Ilikuwa inasogea kweli.

Siku ya Alhamisi muuguzi wa mashine aliingia chumba cha kompyuta akiwa na karatasi mkononi.

"Kebo, hiyo kliniki yenu ya kumi na saba ina watu gani? Huyu nimemwita mara tatu, haji. Mashine inanguruma, kiti kitupu."

"Nani?"

"Jaribu Tena. Wazazi gani wanampa mtoto jina hili?"

"Aliyemfuata je?"

"Mfano Mfano. Naye haji. Mzaliwa wa tarehe moja, mwezi wa kwanza, mwaka wa kwanza. Yaani ana miaka elfu mbili na ushei! Si ajabu figo zimechoka."

Chumba kizima kilicheka. Kebo alikuwa amekwisha kuufungua mstari wa pili wa ombi lile. Anwani ya Bibi ilikuwamo, haijaguswa.

Aliibadilisha saa tisa alasiri. Safari hii seva ilikawia kujibu, kama inavyokawia ikibisha kwenye mlango wa mbali. Kisha akaenda kwa dada yake bila kuaga.

"Kesho utaitwa," alimwambia. "Kulikuwa na kosa, dada. Kosa langu."

Dada alivuta pumzi, akaivuta tena. "Si ulisema nimo?"

"Nilisema."

"Haya," alisema dada, akageukia ukutani, kazi iliyomchukua muda mrefu. Shemeji alisimama mlangoni na bilauri ya maji ambayo hakuna aliyeiomba.

Dada alifariki kabla hakujapambazuka.

Ujumbe ulifika saa nne asubuhi, kwenye simu ya Kebo, kwa sababu yeye ndiye aliyeandikishwa kama ndugu wa karibu. Ulisema nafasi imepatikana, mgonjwa afike na ndugu mmoja na shuka. Bonyeza moja kama atafika. Bonyeza mbili kama hatafika. Hapakuwa na tatu. Kebo alibonyeza mbili. Seva ilimshukuru kwa kutoa taarifa mapema.

Alirudi kazini siku ya tano. Mkuu wa kitengo alimpa pole, akamweleza kwamba Bibi amerekebishwa: juu yake limeongezwa agizo la kubadilisha anwani. Kwa kosa lile Kebo hakuandikiwa kitu, maana hakuna kanuni iliyovunjwa.

Siku hiyohiyo aliunganisha kliniki ya kumi na nane. Seva ilijibu kwamba imefaulu. Kebo hakuweka alama. Alimpigia simu karani wa kliniki ile.

"Nisomee jina la kwanza kwenye orodha yako ya figo."

"Nyinyi si mmekatazwa majina?"

"Tumekatazwa."

"Sasa?"

"Soma tu, ndugu yangu."

Karani alisoma. Lilikuwa jina la mwanamke. Kebo aliifungua foleni, akalitafuta, akaliona, akaweka alama ya vema. Onyo lake la kwanza kwa maandishi lilimfikia mezani kabla ya saa sita mchana.