Mchi wa Mama Swaumu

Siku ya sherehe ya shule yetu, mwaka 1958, nilikaa na walimu wenzangu nikichemka kwa hasira. Mgeni rasmi aliwasifu wazazi wa Kisarawe "walioleta mabinti zao kwa hiari." Kwa hiari! Nusura nimzomee.

Miaka mingi kabla, mimi, Sikudhani, nilikuwa mwali, nimevunja ungo na kuwekwa ndani miezi minane, shule hii ilipoanza kuandikisha wasichana. Baba alikwishafariki. Kwetu Wazaramo mwenye kauli juu yangu alikuwa mjomba Mwinjuma, kaka yake mama, naye aliapa: mwali hatoki ndani bila ngoma, na shule ni uhuni. Uandikishaji ulikuwa ukifungwa Jumamosi adhuhuri. Ukikosa, basi tena.

Asubuhi ile mama yangu, Swaumu, akaamua kunitoa. Lakini akaona haya kunipitisha juani uso wazi, akanifunika kanga gubigubi, kama mwali anavyofunikwa siku ya kutolewa. Loo, mama naye! Majirani waliokuwa wakitwanga uani kuona mwali kafunikwa, wakapiga vigelegele. Mjomba akasikia.

Alikuja na bakora. Ya kwanza ilinipata shingoni, ya pili mdomoni. Jino likatoka, kanga ikalowa damu. Akanishika nywele, akaanza kuniburura kurudi ndani.

"Kaka, mwachie mwanangu!" mama alipiga kelele.

"Mwanao? Huyu wa kwangu!" Akampiga teke la tumbo.

Mama alianguka kando ya kinu. Aliponyanyuka alikuwa na mchi mkononi.

"Kaka, nakwambia mara ya mwisho."

Hakuachia. Mama akaupiga mkono ule ulionishika, mfupa ukalia ko! Akapiga tena palepale. Mjomba aligaagaa mchangani akimwita mama yao, na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi.

Tulikimbia hadi shuleni. Karani aliniuliza jina mara tatu, kwa vile mdomo ulijaa damu. Jioni askari wakaja kumchukua mama. Alifungwa miezi sita, na ukoo ukamkana. Ndugu zake hadi leo hawaitikii hata salamu yake. Alipotoka jela aliomba kazi ya jikoni hapohapo shuleni, awe karibu nami.

Sasa kwenye sherehe mgeni akasema, "Asimame mjumbe wa kamati ya shule, mzee wetu Mwinjuma, mwenye mabinti wawili hapa!" Akasimama, kanzu nyeupe pee. Makofi yakarindima. Jamani! Nikainuka, nikaenda zangu jikoni.

Mama alikuwa anatwanga mahindi ya wageni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wanampigia nani makofi?"

"Mjomba. Amesimama kuwapungia watu."

Mchi ukasimama. "Mkono ule umepanda?"

"Haukupita kifua."

"Vizuri," akasema, akaendelea kutwanga.