Miguu ya Twalib na Mapezi ya Mradi

Mimi ni katibu wa kamati ya ufukwe hapa Kiswere, na kwa kuwa vikao vyetu hufanyika mkekani, viatu vikiachwa mlangoni, nimeona miguu mingi. Sijaona kama ya Twalib. Ni mipana, migumu, na kidole kidogo kimejitenga na wenzake kana kwamba kinataka kuhama. Ana miaka hamsini na mbili, na tangu hajaota ndevu anazamia pweza kwa pumzi moja, miguu mitupu, mkuki mkononi. Watu humsifu kwa hilo. Yeye halimfurahishi.

"Bahari nimeiona vipande vipande, dada Mwahija," aliwahi kuniambia. "Nikianza kuona kitu, pumzi imekwisha. Nataka siku moja nikae kule chini mpaka nichoke mwenyewe."

Basi mradi wa hifadhi ya bahari ulipokuja na mitungi ya hewa, ukataka kijiji kitoe mzamiaji mmoja wa kuhesabu pweza kwenye mwamba tuliofunga uvuvi ili pweza wazaliane, Twalib alikwenda mafunzoni Kilwa Masoko akiwa wa kwanza kufika stendi. Alifuatana na Nikodemo, fundi cherehani, ambaye bahari anaiogopa kama moto na alikwenda kwa sababu ya chakula cha mchana. Wote wawili walirudi na vyeti. Ikabaki kijiji kichague aina ya mapezi, yale ya mpira ya kuvaa miguuni, kwa maana mradi ungetoa jozi moja tu, na ambaye yatamwenea ndiye mzamiaji.

Mkufunzi, kijana wa Dar aitwaye Brighton, alileta aina tatu za kuchagua. Ya kwanza ilikuwa na mikanda nyuma ya kisigino, unalegeza na kukaza upendavyo. Hiyo ndiyo ingemfaa Twalib. Ya pili ilipasuliwa katikati toka ncha mpaka karibu na vidole. Ya tatu ilikuwa kama kiatu kizima, unachomeka mguu na basi, na saizi yake ilikuwa ya mguu wa Nikodemo hasa, mguu mdogo wa mtu anayeshinda amekaa.

Mwenyekiti wetu, Bwana Haruna, ana heshima zake, lakini akishika jambo haliachi. Kwanza aliamuru mapezi yakae nje na makubazi, kwa sababu kinachovaliwa mguuni ni kiatu. Tukayajadili kwa saa nzima tukiyachungulia mlangoni. Ya mikanda akayakataa, akisema kitu chochote chenye mkanda hapa kijijini huishia kufungia mbuzi. Hapo hakukosea sana. Yaliyopasuliwa akayakataa vilevile, maana yeye hasaini mali iliyochanika. Brighton alieleza kwa upole kwamba yametengenezwa hivyo kiwandani. Mwenyekiti akamjibu kwamba basi kiwanda kimewaibia.

Yakabaki ya kiatu. Nikodemo alianza kutokwa jasho. Twalib akatoka nje, akaazima mafuta ya nazi kwa jirani, akajipaka mpaka vifundoni. Akasukuma, akauma meno, na kile kidole kinachotaka kuhama kikaingia cha mwisho. Tulisikia mpira ukilia.

Brighton akasema twende tukayajaribu majini. Mwenyekiti akakataa: mali ya mradi haigusi maji kabla ya muhtasari kusainiwa, na muhtasari hausainiwi kabla ya majaribio. Kwa hiyo majaribio yatakuwa ya nchi kavu, toka ofisini mpaka banda la mnada wa samaki na kurudi, bila kuanguka. Niliandika hivyo hivyo, nisilaumiwe.

Sasa mapezi marefu ukitembea nayo kwa mbele unajikanyaga. Yanataka kwenda kinyumenyume, na ndivyo Twalib alivyokwenda, katikati ya njia, akiwaamkia watu baada ya kuwapita. Alikuwa anakwenda vizuri. Nami nilimfuata na daftari, mwenyekiti na wengine nyuma yangu, nikiwa na furaha ya kijinga moyoni, nikiona kabisa kwamba atashinda. Kwenye kona ya bandani akatokea Bi Sauda na beseni la muhogo kichwani.

Bi Sauda ni mama mkwe wa Twalib. Kwetu mkwe ukikutana naye unampisha njia, unachutama, unainamisha macho. Twalib ana miaka ishirini na sita ya ndoa na hajapata kukosea. Siku hiyo alimfikia kwa makalio. Beseni likaenda chini, muhogo ukatawanyika. Alipotambua ni nani alitaka kuchutama, mapezi yakamkatalia, akakaa chini kitako mbele ya mkwewe, miguu imenyooka kumwelekea.

Twalib alijifunika uso kwa viganja. Nilimwonea huruma. Alikuwa ameanguka, na kwa sheria ya mwenyekiti mzamiaji sasa alikuwa Nikodemo. Nikodemo mwenyewe alipiga magoti akimvuta yale mapezi kwa nguvu zote, na hayakutoka. Brighton akavuta. Hayakutoka.

Bi Sauda alikuwa akiokota muhogo wake. Hasemi na mkwewe moja kwa moja, kwa hiyo alisema nami, na Twalib yuko hapo hapo.

"Mwahija, mwanangu, huyo leo si wa nchi kavu. Mpelekeni majini kabla hajanifikia tena."

Mwenyekiti alimtazama yule mama. Kisha akaniamuru niandike kwamba kamati imeridhia mapezi ya aina ya kiatu, yakiwa na Twalib ndani, kwa kuwa hayavuliki. Akasainia palepale, daftari likiwa mgongoni kwa Nikodemo, ambaye alikuwa anacheka kwa raha.

Maji yalipojaa tulitoka na mashua. Twalib na Brighton walizamia na mitungi ya hewa, na mimi nikabaki juu na fomu. Zilipita dakika arobaini. Alipoibuka tulimvuta ndani, na mapezi yakatoka yenyewe, yamelegea. Miguu ilikuwa imechubuka vibaya. Hakuitazama. Nikamuuliza amehesabu pweza wangapi.

"Kuna majike huwa hawakimbii ukiwaendea," alisema. "Miaka yote nilijua ni wajinga, hao ndio nikiwachoma kwanza. Leo nimekaa na mmoja, dada. Juu ya kichwa chake, kwenye dari la pango, mayai yamening'inia kama shanga, anayapulizia maji. Ananiona kabisa. Hawezi kuyaacha."

Alikuwa analia, hajifichi. Nikamuuliza tena idadi, kwani fomu haikuwa na mahali pa kuandika kingine.

"Unataka wa leo," akaniuliza, "au na wale wote niliowachoma?"

Niliiacha sehemu ya idadi wazi. Mradi bado wananipigia simu kuiulizia.