Kikapu cha Mwalimu

Kabla sijamwona nilimsikia: kitu kikisagwa juu ya jiwe, polepole, nyuma ya ukuta wa chumba changu mtaa wa Lozells, ughaibuni. Nilidhani panya.

Kumbe ni mpangaji mwenzangu, mzee Mchina, akisaga wino. Alikuwa mshairi. Kwenye visiwa alikozaliwa ndiye aliyeandika vitabu vya kwanza vya shule za Kichina, mpaka serikali ikazifunga na kumfukuza nchini.

"Wanafunzi wangu bado wanafundisha," aliniambia. "Jikoni, mapazia yameshushwa."

Sasa alikuwa akiwaandikia shairi refu, kila ubeti na jina la mmoja wao.

"Wewe wa riwaya," alinitania, "kurasa kumi kusema mvua inanyesha!"

"Na wewe, Mwalimu, mwezi mzima mstari mmoja."

Karatasi zilizoharibika alizichoma uani, kwenye sufuria kuukuu. Kwao maandishi hayachanganywi na taka. Mimi nilipaswa kuelewa. Bibi yangu kule Unguja alichoma kila kipande cha karatasi chenye aya ya msahafu. Lakini Mwalimu alipolazwa kwa kifua, nilimfagilia chumba kwa mapenzi, nikamwaga kikapu chake cha karatasi zilizoharibika kwenye pipa la taka za karatasi, mbele ya nyumba.

Aliporudi alikitazama kikapu.

"Umezichoma?"

"Nimezitupa, Mwalimu. Pale nje."

Akakaa kitandani na koti lake mwilini.

"Zilikuwa na majina," alisema.

Siku ya tatu, adhuhuri, mtu nadhifu alibisha hodi. Alimwinamia Mwalimu, akasema naye Kichina kwa sauti ya upole, akaweka mezani karatasi moja iliyopigwa pasi. Niliutambua mwandiko. Kisha akatoka kwenda kusubiri garini.

"Ni mtu wa serikali ya kwetu. Anausifu mwandiko wangu," Mwalimu alinieleza. "Nyingine za pipani anazo yeye. Nikirudi naye visiwani nikatangaza redioni kwamba shule zile zilikuwa kosa, hatagusa mtu mwenye jina humo."

"Unamwamini?"

Alilikosha jiwe la wino, akalifuta kwa shati, akalitia mfukoni. Mimi akanipa sufuria.

"Zilizobaki mezani zichome. Safari hii zichome, mwanangu."

Nilitaka kuomba radhi, nikaipokea sufuria tu. Nilimsindikiza hadi ukumbini, sufuria mkononi, masizi yakinichafua vidole. Nje injini iliwashwa. Alishuka ngazi bila kugeuka, na mlango ukajifunga nyuma yake.