Kadzo Aliitika Darajani

Nilipokuwa mtoto, sisi wa upande wa Mambrui tulivuka daraja la Sabaki kila asubuhi kwenda shule, na sharti lilikuwa moja: juu ya daraja hakuna kuitana kwa jina. Ukimtaka mwenzako, ulimvuta nguo. Bibi yangu alitueleza kwamba daraja lilipokuwa likijengwa, kibarua mmoja aliitwa na mwenziwe, akageuka kuitika, akaangukia mtoni. Tangu hapo, alisema, anayeitwa pale akaitika, mto umeshamjua na hautamwacha. Hata wanaume wazima wenye baiskeli walilishika sharti hilo, ingawa walijifanya kucheka.

Kadzo binti Karisa alikuwa jirani na rafiki yangu, na alinishinda kwa kila kitu. Siku moja mwalimu alinihamisha kutoka kiti cha mbele nikae nyuma yake, "upate kuona akili inavyofanya kazi." Darasa zima likanicheka. Kadzo naye akacheka, kidogo tu, lakini nilimwona.

Jioni ile, tulipofika katikati ya daraja, nilibaki nyuma makusudi. Nikamwita jina lake, na la baba yake.

"Bee," akaitika.

Alikuwa mtoto aliyelelewa, akiitwa huitika. Kisha akaziba mdomo kwa mikono yote miwili, akanitazama.

Kwao alisema kwamba ameitwa. Hakusema na nani. Baba yake akaapa kuwa mwanawe hatalikanyaga daraja tena. Shule ilikuwa ng'ambo, basi ikaishia hapo. Mwalimu alikwenda kuwasihi, akapewa dafu, akarudi peke yake.

"Ni wewe uliyemwita?" Bibi aliniuliza.

Nikakana. Hakuniuliza tena. Mimi nilirudishiwa kiti changu cha mbele, na Mungu anisamehe, nilikifurahia.

Mwaka huu daraja letu kuukuu limetangazwa kuwa turathi ya kuhifadhiwa. Limepakwa rangi, likawekewa kibao. Mimi, mwalimu mstaafu, nikaalikwa kuhutubia. Nilisimulia kisa cha kibarua kama mzaha, na wageni wakacheka sana.

Kadzo alikuwa ameketi pale pale upande wetu, penye mwanzo wa daraja, na mafungu yake ya mchicha. Hajavuka tena tangu jioni ile. Baada ya hotuba nilimwendea.

"Hujambo, Kadzo?"

"Sijambo."

"Yale mambo yetu yalikuwa ya kitoto."

"Yako ndiyo yalikuwa ya kitoto," akasema, akiunyunyizia mchicha maji. "Mimi nimezeekea hapa."

Wageni wakaitwa kulivuka daraja kwa miguu, nikashukuru kupata pa kwenda. Nilipofika katikati nikasikia sauti ya Kadzo nyuma yangu, tulivu, kama ya mtu anayeulizia chumvi kwa jirani.

"Mwanaisha binti Omari."

"Mwalimu, unaitwa," mgeni mmoja akaniambia.

Nimefundisha sayansi maisha yangu yote. Dakika chache tu kabla ya hapo niliicheka imani ile mbele ya kipaza sauti. Nilichodaiwa ni neno moja, lile lile alilolitoa yeye akiwa na miaka kumi. Niliuma meno nikatembea hadi ng'ambo, wala sikugeuka. Nilijua wakati wote nilichomfanyia Kadzo, tangu jioni ile.