Mahali Alipozaliwa Mama Mkwe

Mama mkwe wangu ameishi Kirumba, Mwanza, miaka mingi kuliko umri wangu, na hadi majuzi hakuwa na karatasi hata moja inayosema anaruhusiwa kuishi hapo. Hakuna aliyewahi kumwuliza. Alitokea upande wa Kenya akaolewa na mvuvi wa Mara, enzi ambazo watu wa kando ya ziwa walikwenda harusini na msibani bila kufikiri kwamba wamevuka mpaka. Baadaye walihamia Mwanza, akauza dagaa soko la Mwaloni mpaka magoti yakakataa, kisha akamzika mumewe.

Kilichombadilisha ni simu kutoka kwao. Dada yake mkubwa, ndugu pekee aliyebaki, alikuwa anapoteza macho. Mama alitaka kwenda kumwona wakati dada naye bado anaweza kumwona yeye. Lakini siku hizi mpakani wanauliza, na aliogopa kwamba akitoka hataruhusiwa kurudi.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na nyumbani kwetu karatasi zote huishia mezani kwangu. Nilikwenda ofisi ya uhamiaji kuuliza kwanza, kisha nikarudi kumweleza taratibu. Mumewe alipokuwa hai, mama angeweza kuomba uraia kama mke wa raia. Nafasi hiyo ilipita siku tuliyomzika baba. Hata hivyo kuna watu ambao hali yao yenyewe huwapa sababu ya kuomba kibali cha kuishi nchini, na mmoja wao ni mzazi mzee anayetunzwa na mtoto ambaye ni raia. Hapo ndipo yeye alipoingia, kupitia mume wangu. Kibali chenyewe kina muda wake, na muda ukiisha unakihuisha.

"Kwa hiyo si cha milele," alisema.

"Si cha milele, mama. Kinahuishwa."

"Kama leseni ya mtumbwi."

Nikakubali kwamba ni kama leseni ya mtumbwi, naye akaridhika. Nasema haya kwa sababu najua kuna nyumba nyingi zenye mama kama huyu, na watu wanakaa kimya kwa hofu. Nendeni mkaulize. Kuuliza si kujishtaki.

Ugumu ulitokea kwenye cheti cha ubatizo. Kitambulisho chake cha Kenya kina jina la usichana, na cheti cha kuzaliwa cha mume wangu kina jina alilopewa mama alipobatizwa. Karatasi pekee yenye majina yote mawili, na ndoa yake ikiwa imeandikwa nyuma, ilikuwa hiyo ya ubatizo. Nilipoisoma vizuri nikakuta imeandikwa kwamba amezaliwa kijijini kwa mumewe.

Mama alicheka. Alibatizwa, akaeleza, wiki chache baada ya kuolewa, na baba mkwe wake alikuwa amekaa pale pale. Kwao bibi harusi mpya hakufungua mdomo mbele ya baba mkwe. Kila swali la katekista lilijibiwa na mama mkwe wake, na alipoulizwa binti huyu kazaliwa wapi, yule mama alisema: hapa. Alikuwa ameshampokea, kwa hiyo kwake alikuwa amezaliwa hapo.

Jirani mmoja aliposikia aliona bahati tupu. Akamshauri mama aachane na habari za kibali. Karatasi inasema kazaliwa Tanzania, basi aende nayo akaombe kitambulisho cha taifa kama wengine. Nakiri kwamba kwa jioni moja wazo hilo lilinivutia. Nilichoka na foleni, na macho ya yule dada hayakuwa yakitusubiri.

Mama alisubiri jirani aondoke ndipo akasema, "Mama yangu alinizaa kule, akiwa na dada yangu huyo pembeni ameshika taa. Nikisema hapa, nitamtazamaje nikifika?"

Basi tukaifuata njia ndefu. Hati yake ya kusafiria ya Kenya ilichukua miezi kadhaa. Barua ya mwenyekiti wa mtaa ilipatikana kwa siku moja. Kisha tukahitaji mtu aliyekuwepo siku ya ubatizo, na aliyebaki ni mmoja tu: shangazi wa mume wangu, anayeishi Busisi, ng'ambo ya ghuba, ambaye tangu mwanzo hajaacha kumchokoza wifi yake.

Shangazi alivuka daraja asubuhi, akafika amevaa kitenge kipya. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akamgeukia mama. "Wifi, miaka yote hii nimekulisha samaki wetu, kumbe huna hata kibali."

"Ulinilisha vichwa," mama akajibu. "Minofu ulikula wewe."

Ofisini tulipokelewa na afisa kijana mpole. Shangazi alieleza mambo yote, pamoja na gauni alilovaa yeye mwenyewe siku ile, ambalo hakuna aliyeliulizia. Afisa akaandika. Kisha akafungua ukurasa wa maombi, akaniangalia mimi niliyeshika faili, akasema kuna jambo moja anataka kulisikia wazi: mwombaji alizaliwa wapi?

Nikafungua mdomo. Nilikuwa nimejibu kila kitu tangu tuingie: umri wake, magoti yake, hata kama amekula. Mama akaniwekea mkono gotini, polepole, kama mtu anayezuia sufuria isimwagike.

"Mwanangu, safari ile walinijibia," alisema. "Leo nitajibu."

Akamtazama afisa, akataja kijiji chao cha Kenya, kisha akataja jina la mama yake, ambalo mimi sikuwahi kulisikia. Afisa akamwomba arudie jina la kijiji ili aliandike sawasawa. Alirudia bila haraka.

Tuliambiwa tutengeneze kiapo cha kueleza ile tofauti ya cheti, nasi tukakitengeneza. Kibali kilitoka wiki kadhaa baadaye. Nilimsindikiza stendi ya Buzuruga kupanda basi la kwenda mpakani, hati zake zikiwa ndani ya mfuko wa nailoni, ndani ya mkoba, na mkoba chini ya khanga. Nikaanza kumweleza tena ipi atoe kwanza mpakani. Akasema anajua.

Usiku wake alipiga simu. Dada yake alikuwa bado anaona kiasi cha kulalamika kwamba amekonda na kwamba khanga aliyovaa haimpendezi. Mama alisema atakaa wiki tatu, kisha atarudi nyumbani.