Linah na Kelele ya Kinu

Siku Dalmas alipomwona Linah kwa mara ya kwanza, alidhani mama wa watu amechanganyikiwa. Ilikuwa asubuhi ya soko pale Rongai, kinu cha Dalmas kinanguruma, foleni ya madebe imefika hadi kwa muuza makaa. Mwanamke mmoja mrefu, aliyejifunga leso ya kijani, alikuwa amesimama karibu na mashine kuliko mtu yeyote anayeyapenda masikio yake. Alikuwa ameleta gorogoro moja tu ya mahindi, kopo la kilo mbili. Akamtazama Dalmas usoni, akasema, "Mheshimiwa, naomba nieleze."

Dalmas akageuka kuona huyo mheshimiwa ni nani. Nyuma yake kulikuwa na ukuta.

Sauti yenyewe hakuisikia. Ndani ya kinu hakuna anayesikia kitu. Lakini Dalmas alikuwa amesagia watu tangu ujana wake, na miaka hiyo yote midomo ya wateja ndiyo iliyokuwa sauti yao. Mwanzoni alijifunza maneno ya kazi: laini, ya uji, changanya na mtama. Baadaye macho yakazoea, yakaanza kuokota na yasiyomhusu. Wanawake walisengenyana mbele yake wakidhani kelele ni pazia, naye akainamisha kichwa na kushikilia mdomo wa gunia. Alijua nani kamkimbia nani, na nani hurudi nyumbani kwa njia ya nyuma. Hakumwambia mtu. Alikuwa mtu wa haya. Hata kumwambia mteja kwamba mahindi yake hayajakauka kulimtoa jasho.

Wiki haijaisha, Linah akarudi na gorogoro moja. Kisha akarudi tena. Dalmas akajiuliza huyu mtu mmoja anakula ugali wa namna gani. Kila mara alikwenda palepale kando ya mashine, akaanza: "Mheshimiwa, naomba nieleze."

Kidogo kidogo Dalmas akaunganisha. Linah alikuwa akijifanya watu wawili. Akiwa hakimu, alikaza kidevu na kutazama chini kana kwamba anaandika. Akiwa yeye mwenyewe, alizungusha ncha ya leso kwenye kidole. Alikuwa ameachana na mumewe, Weldon, mfanyabiashara wa nafaka anayekaa Free Area kule Nakuru. Talaka ilikuwa imekwisha kutoka. Kilichobaki ni binti yao, Mitchelle, wa miaka saba, ambaye alikuwa kwa baba yake. Watu wa Weldon walisema ng'ombe wa mahari walikwenda, kwa hiyo mtoto ni wa boma lao. Linah alikuwa amemwomba hakimu ampe, na siku ya kusimama na kuulizwa ilikuwa inakuja.

Angefanyia wapi mazoezi? Chumba alichopanga kilikuwa cha mabati. Jirani akipiga chafya, unamwambia pole bila kuinuka kitandani. Kanisani nako, ukilia shida yako kwa Mungu, kabla sadaka haijapita mtaa mzima umeipata. Kwenye kelele ya kinu angeweza kupiga kelele kama angetaka, na mtu asijue.

Lakini Dalmas alizidi kuchanganyikiwa. Siku moja Linah alisema, "Nataka mtoto wangu, mheshimiwa. Sitaki hata kijiko cha ile nyumba." Dalmas akafurahi, ingawa hakujua furaha hiyo inamhusu vipi. Alipokuja tena, alisema, "Kule kwa baba yake kuna shule nzuri. Mimi nakaa chumba kimoja. Pengine nisimsumbue." Dalmas akaenda kulala hajui aombee lipi.

Na kila mara alikwama mahali pamoja. Alikaza kile kidevu cha hakimu, akajiuliza, "Usiku ule ulipotoka kwa bwana yako, kwa nini ulimwacha mtoto?" Kisha akashika leso, akafungua mdomo, na mdomo ukabaki wazi. Hapo alichukua unga wake na kuondoka, hata mabaki ndani ya mashine asingoje.

Dalmas angefanyaje? Akimwambia kwamba anamwona, atamnyang'anya mahali pake pa pekee. Akinyamaza, ni kama anamwibia. Mara kadhaa alijiandaa kusema, na kila mara alichosema kilikuwa, "Mama, hii tusage laini?"

Ikafika siku moja kabla ya kesi. Linah alikuja macho yamevimba. Siku hiyo foleni ilikuwa na Shiru, muuza sukuma wiki ambaye mdomo wake hauna breki, na bibi mmoja mzee, Jemutai, aliyekalia debe lake. Linah alipitia yote haraka haraka mpaka akafika pale pa kukwama. Dalmas akajikuta ameacha gunia, anaitazama midomo ile. Safari hii haikubaki wazi. Ilianza kusema.

Papo hapo stima ikapotea, mtaa mzima ukakosa umeme.

Mashine haifi mara moja. Hulia ikishuka kama ng'ombe aliyechoka. Linah hakugundua. Alikuwa akisema kwa nguvu zake zote kushindana na kelele, na kelele ilipokwisha, sauti yake ikabaki peke yake: "...alikuwa amelala! Niliogopa nikimbeba atalia, baba yake aamke! Nilijua nitarudi asubuhi, nikarudi, nikapata geti limefungwa!"

Kinu kizima kikamgeukia. Hata Shiru alichelewa kidogo kusema.

"Mathe," akasema hatimaye, "unaongea na nani? Ama una simu ndani ya kitambaa?"

Wawili watatu wakacheka. Jemutai hakucheka. Linah alisimama palepale, nyusi zimejaa unga. Hapo Dalmas, mtu ambaye hakuwahi kuinua sauti hata kwa kuku, akasikia kinywa chake mwenyewe kikisema, "Endelea. Hapo ndipo ulikuwa unakwama."

Linah akageuka polepole, akamwita Dalmas kwa jina la mwanawe kama wateja wote. "Umesema nini, Baba Jerry?"

"Si... si kitu."

"Umekuwa ukinisikiza?"

"Sijasikia hata neno. Nimeona tu."

"Umeona nini?"

Dalmas akatazama viatu vyake. "Yote, mama."

Linah akachukua kopo lake tupu, akatoka. Mahindi yake yalibaki nusu yamesagwa, nusu bado.

"Sasa Dalmas," akasema Shiru, "umemfanyia nini huyu mama?"

"Na wewe nyamaza," Jemutai akamwambia. "Hujui hata ulichocheka."

Stima iliporudi, Dalmas alimalizia ile gorogoro, akautia unga kwenye mfuko, akaufunga vizuri. Asubuhi hakufungua kinu. Alivaa koti lake la kanisani, akaenda Nakuru mahakamani na ule mfuko mkononi. Alikuwa anaenda kuomba msamaha, au kumtolea ushahidi, au kurudisha unga? Hakujua, na kila alipojiuliza alipata jibu jingine.

Askari wa lango la mahakama akaufungua mfuko. "Mzee, hii nini?"

"Unga."

"Wa nani?"

"Wa mama fulani, ana kesi."

"Ni ushahidi?"

"Hapana, boss. Ni unga tu."

Ndani, watu walijaa kwenye veranda kama wako mnadani. Upande mmoja alisimama Weldon na jamaa zake, wamevaa makoti mazito, wakili wao akicheka na simu. Upande wa pili alikuwa Linah, peke yake. Alipomwona Dalmas, uso wake ulikunjamana. Hakuja. Akamwambia kutoka kulekule, kwa midomo tu, "Umekuja kufanya nini?"

Dalmas akainua mfuko wa unga.

Linah akafunika uso kwa leso. Mabega yakatikisika. Kama alikuwa anacheka au analia, Dalmas hakuweza kujua, maana midomo ilikuwa imefichwa. Kisha jina la Linah likaitwa. Kesi ya mtoto husikilizwa faraghani. Mlango ukafungwa, na Dalmas akabaki akiutazama. Alikuwa amezoea kujua mambo ya watu bila kuulizwa. Leo alitaka kujua, na hakuwa na pa kuchungulia.

Alipotoka, Linah alikuja moja kwa moja, akauchukua mfuko kama mtu anayepokea mzigo wake kwa karani.

"Aliuliza?" Dalmas akanong'ona.

"Aliuliza."

"Ukasema?"

"Nikasema yale ya jana. Sikumaliza. Akaniambia, 'Inatosha, mama.' Sasa sijui inatosha ni nzuri ama ni mbaya. Wewe unaonaje?"

"Sijui."

"Hata mimi."

Wakasimama hapo, wote hawajui, mpaka mfagiaji akawaomba wasogee.

Uamuzi ulipotoka, Linah alipewa mtoto, na wakati wa likizo Mitchelle awe anakwenda kwa baba yake. Alikata shauri kurudi kwa mama yake, upande wa Londiani. Siku ya kuondoka alipita kinuni, mara hii na debe zima. Mitchelle alikuwa kando yake, msichana mwembamba mwenye kidevu kilekile Linah alichokuwa akikikaza. Mashine ilipoanza, mtoto aliziba masikio kwa viganja na kufumba macho.

"Mama Mitchelle," Dalmas akasema kwa midomo, na ilikuwa mara yake ya kwanza kumwita hivyo, "hii tusage laini?"

Linah akaitikia kwa kichwa. Kisha akasogea pale pake pa zamani, akaweka mkono juu ya kichwa cha binti yake, akamtazama Dalmas sawasawa ili asikose hata neno.

"Baba Jerry, sasa ni huyu anauliza. 'Mama, kwa nini uliniacha?' Nilimwambia yale ya mahakamani, yote, na akauliza tena. Huyu hajui kusema inatosha. Nimwambie nini?"