Bunduki ya Adui Mkononi mwa Ndugu Yangu

Milio miwili mifupi, kimya, kisha milio miwili tena: hivyo ndivyo ilivyolia bunduki, mchana kweupe, nyuma ya ukuta wa nyumba yetu hapa Kasongo. Nilikuwa nikisahihisha sura ya pili ya tasnifu yangu. Kabla akili haijaamua lolote, mwili ulikwisha lala chini ya meza.

Ndipo nikasikia kicheko. Mdogo wangu na wenzake walikuwa uani, kila mmoja na simu yake, wakicheza mchezo wa vita wa vikosi viwili. Sauti waliipitisha kwenye bafle, ile spika kubwa waliyoiazima kwa wanakwaya.

"Profesa iko chini ya meza!" mmoja akapaza sauti dirishani.

"Yaya, inuka, ni muchezo tu," mdogo wangu akasema; Yaya kwetu ni ndugu mkubwa. Kisha, kwa fahari, akanieleza ushindi wake. Katika mchezo huo hakuna alama juu ya kichwa cha mtu. Unamtambua mwenzako kwa jinsi bunduki yake inavyolia. Risasi zilipomwishia, alichukua silaha ya adui aliyeanguka, akaanza kuitumia. "Wanasikia bunduki yao, wanafikiri ni mwenzao. Wanakuja wenyewe! Ni akili, Yaya."

Akili! Kwetu kijijini Wamaza, upande wa Kabambare, watu huijua milio ya bunduki kama wanavyoijua milio ya ndege. Huu: kimbia. Ule ni wa jeshi: unaweza kurudi. Baba alikuwa amejificha nasi msituni aliposikia mlio wa jeshi, akatangulia kutoka ili aone kama njia ni salama. Waliokuwa wakiipiga bunduki ile walikuwa wameipokonya kwa askari baada ya kuwaua. Baba hakurudi. Mdogo wangu alikuwa mgongoni mwa mama, hakumbuki. Je, asiyekumbuka ana hatia? Nimelipima swali hilo kwa kila upande. Aliambiwa, na kuambiwa kulitosha.

Nikamwambia tena.

"Pole, Yaya. Lakini vijana wa Wamaza wanatungojea kesho. Tutachezea pembeni ya soko, na bafle."

"Mama atasikia kutoka nyumbani kwake kule, atakimbia. Na lile goti lake, ataanguka."

"Basi umuambie asikimbie!"

Asubuhi pikipiki ikaondoka naye, bafle imefungwa nyuma kwa mpira. Nikabaki na simu mkononi. Nimwambie mama asikimbie? Na wakija wa kweli jioni hiyohiyo? Ningekuwa nimempokonya kinga pekee aliyo nayo. Nisimwambie? Atakimbia, na goti halitamfikisha msituni. Niliitunga sentensi, nikaifuta, nikaitunga upya, hadi hasira ikanishinda: kwa nini nilazimishwe mimi kuchagua kati ya masikio ya mama na miguu yake, ili vijana wapate kucheka?

Sikumpigia mama. Nilimpigia chifu wa kijiji.

"Jambo, baba chefu. Ni mimi, mutoto wa marehemu seremala. Ndugu yangu iko njiani anakuja kwenu na bafle, anataka kulizisha masasi ya muchezo, milio ya bunduki, pale sokoni. Kabla hajaiwasha, muikamate."

"Tukamate bafle ya mutoto wetu wenyewe?"

"Ndiyo, baba. Muikamate. Na mukiisha kuikamata, ninyi pia musiiwashe."